Maswali ya Wasomaji: Shabiki Anadaiwa Nini Chuo Chake Kinapoaibika?

Barua nilizozichagua safari hii zinahusu jambo moja: mashabiki wa futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, na wajibu wao pale inapobainika kwamba ndani ya timu waipendayo kulikuwa na watu waliodhulumiwa kingono huku wakubwa wakiwa na habari. Nyingi zinakitaja Chuo Kikuu cha Penn State. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu majibu ya zinazofuata yanaitegemea.

Mpendwa Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 2011 wanafunzi wa Penn State waliingia mitaani usiku kupinga kufukuzwa kwa kocha wao, ilhali habari iliyotangazwa wiki ile ilikuwa ya watoto kunajisiwa. Kila nikilifikiria jambo hili nashindwa kulielewa. Je, watu wale hawakuwa na utu, au kuna kitu nisichokiona? – F.A.

Ndugu F.A., utu walikuwa nao, na ndiyo maana kisa chao kinastahili kuchunguzwa kwa makini badala ya kulaaniwa kwa haraka na kusahauliwa.

Chuo hicho kiko State College, mji mdogo katikati ya jimbo la Pennsylvania, na uwanja wake, Beaver Stadium, unachukua watu zaidi ya 100,000, yaani zaidi ya mara mbili ya wakazi wa mji wenyewe. Joe Paterno alifika hapo mwaka 1950 akiwa kocha msaidizi, akawa kocha mkuu mwaka 1966, na alipoondolewa mwaka 2011 alikuwa katika msimu wake wa 46 akiwa na ushindi wa mechi 409. Alitwaa ubingwa wa taifa mara mbili, katika msimu wa 1982 na ule wa 1986, lakini mashabiki wake hawakumpenda kwa makombe peke yake. Walimpenda kwa sababu alidai wachezaji wake wasome na kuhitimu, aliishi katika nyumba ya kawaida karibu na chuo, na yeye na mkewe walikitolea chuo mamilioni ya dola, baadhi yake yakapanua maktaba ambayo hadi leo ina jina lao. Shabiki wa Penn State aliweza kusema kwamba timu yake inashinda na bado ni safi. Msingi wa fahari yake ulikuwa uadilifu wa mtu mmoja, kwa hiyo mtu huyo alipoguswa shabiki aliona ameguswa yeye mwenyewe.

Sasa tuangalie kilichokuwa kikitendeka. Jerry Sandusky alifanya kazi katika benchi la ufundi la Paterno kwa takribani miongo mitatu hadi alipostaafu mwaka 1999. Mwaka 1977 alikuwa ameanzisha shirika la hisani, The Second Mile, la kuwasaidia watoto wenye maisha magumu, na kwa njia ya shirika hilo ndiko alikowapata wavulana aliowadhulumu. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika baada ya mwanawe kurudi nyumbani akisema ameoga bafuni pamoja na Sandusky. Polisi wa chuo walichunguza, na mwendesha mashtaka akaamua kutofungua kesi. Hata baada ya kustaafu, Sandusky aliendelea kuruhusiwa kutumia majengo ya timu. Mwanzoni mwa mwaka 2001, Mike McQueary, aliyekuwa msaidizi kijana katika benchi la ufundi, alimkuta bafuni na mvulana. Kesho yake alimweleza Paterno, naye akamweleza mkurugenzi wa michezo, Tim Curley. Habari ikamfikia Gary Schultz, makamu wa rais ambaye polisi wa chuo walikuwa chini yake, hatimaye ikafika kwa rais wa chuo, Graham Spanier. Uamuzi uliotoka ni kwamba Sandusky aambiwe asilete tena watoto chuoni. Polisi hawakuambiwa, idara ya ulinzi wa watoto haikuambiwa, na hakuna kati ya wakubwa hao aliyetafuta kujua mvulana yule alikuwa nani.

Ilipita takribani miaka kumi kabla Sandusky hajakamatwa. Mvulana mwingine alilalamika mwaka 2008, jopo kuu la mahakama, yaani raia wanaopima kama kuna ushahidi wa kumshtaki mtu, likachunguza kwa muda mrefu, gazeti la Patriot-News la Harrisburg likaandika habari za uchunguzi huo Machi 2011, na Sandusky akakamatwa tarehe 5 Novemba mwaka huo. Siku nne baadaye bodi ya wadhamini ilimwondoa Paterno, kwa simu, pamoja na Spanier. Usiku huo maelfu ya wanafunzi walijaa mitaani na gari la kituo kimoja cha televisheni likapinduliwa.

Ukitazama mtiririko huo utaona kwamba wanafunzi wale waliyapokea katika siku chache mambo ambayo wakubwa walikuwa nayo kwa miaka mingi. Katika siku hizo, Paterno alikuwa na uso, sauti, miwani minene na suruali zilizokunjwa miguuni, vitu ambavyo kila mwanafunzi alivijua tangu utoto. Watoto walioumizwa walikuwa wametajwa kwa namba tu katika hati ya mashtaka. Binadamu humlilia anayemjua. Ijumaa ya wiki hiyohiyo maelfu ya wanafunzi walikusanyika mbele ya jengo kuu la chuo wakiwa na mishumaa kwa ajili ya wale waliodhulumiwa, na Jumamosi, kabla ya mechi na Nebraska, wachezaji wa timu zote mbili walipiga magoti pamoja katikati ya uwanja huku majukwaa yakiwa yamejaa rangi ya buluu, ambayo ndiyo rangi ya kampeni za kuzuia ukatili dhidi ya watoto. Wahitimu na marafiki wa chuo walichanga zaidi ya dola 500,000 kwa ajili ya shirika la kitaifa linalowasaidia manusura wa ukatili wa kingono. Sina sababu ya kuamini kwamba waliobeba mishumaa walikuwa watu wa kabila jingine na waliopindua gari. Bila shaka wako waliofanya yote mawili.

Lakini kuna kitu kingine, ndugu F.A., na hicho ndicho ningependa ukishike. Tunapozungumzia wajibu wa mashabiki huwa tunatazama walichofanya baada ya habari kutoka. Nguvu yao ilikuwa imeshafanya kazi kabla ya hapo, bila wao kujua. Taarifa ya uchunguzi iliyoongozwa na Louis Freeh, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitolewa Julai 2012, na humo kuna habari za wahudumu wa usafi ambao mwaka 2000 walijua kwamba Sandusky alikuwa ameonekana akimdhulumu mvulana bafuni. Waliogopa kusema wasije wakafukuzwa kazi; mmoja wao alieleza kwamba kuripoti jambo lile kungekuwa sawa na kupambana na Rais wa Marekani, kwa jinsi Paterno alivyokuwa na nguvu. Sandusky wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, hivyo hakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu yeyote. Watu wale waliiogopa timu, na timu haikuwa na nguvu nyingine zaidi ya ile iliyopewa na watu waliojaza uwanja kila Jumamosi.

Familia ya Paterno iliipinga taarifa ya Freeh kwa ripoti yake yenyewe mwaka 2013, na wapo watu makini wanaosema kwamba Freeh alihukumu nia za wakubwa wale bila ushahidi wa kutosha. Ubishi huo una haki ya kuendelea. Hofu ya wafagizi haitegemei nani atashinda katika ubishi huo, na shabiki aliye mwaminifu aanze kujiuliza maswali hapo: upendo wangu unamfanya nani anyamaze?

Mimi ni mwalimu. Paterno aliambiwa jambo, naye akamwambia mkubwa wake. Utaratibu wa kazi ndivyo unavyotaka. Kwa nini mashabiki wanaomtetea kwa hoja hiyo wanaonekana wakaidi? – Mwalimu K.

Mwalimu, hoja yako ina uzito wa kisheria, na haki itendeke kwa kulisema hilo wazi: Paterno hakushtakiwa. Aliliambia jopo kuu la mahakama kwamba aliambiwa jambo lenye sura ya kingono na kwamba alilifikisha kwa mkurugenzi wa michezo, na sheria ya Pennsylvania ya wakati ule ilimruhusu mfanyakazi wa taasisi kufikisha habari kwa mkuu wake na kuishia hapo. Waliokutwa na hatia ni wale waliokuwa juu. Curley na Schultz walikiri mwaka 2017 kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto, Spanier akatiwa hatiani na baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, mwaka huohuo, akaingia jela mwaka 2021 kwa takribani miezi miwili baada ya rufaa ndefu.

Hata hivyo, angalia jinsi jimbo lenyewe lilivyosoma somo hilo. Mwaka 2014 Pennsylvania ilipitisha mfululizo wa sheria za kulinda watoto, na miongoni mwa mabadiliko makubwa ni kwamba anayewajibika kuripoti sasa anapaswa kuripoti yeye mwenyewe, moja kwa moja, kwa mamlaka za nje, kisha ndipo amjulishe mkuu wake. Wabunge hawakubadilisha utaratibu huo kwa sababu watu walikuwa wakiuvunja. Waliubadilisha kwa sababu ulikuwa umefuatwa. Habari ilipanda ngazi kwa adabu, kila mtu akaitua kwa aliye juu yake, na ilipofika kileleni ikakuta watu ambao kazi yao ilikuwa kulinda jina la chuo.

Nakiri kwamba nimechoshwa na sentensi «alifuata utaratibu», kwa maana mara nyingi hutumika kufunga mjadala mahali ambapo ungepaswa kuanza. Paterno mwenyewe, katika taarifa aliyoitoa siku aliyoondolewa, alisema kwamba akitazama nyuma anatamani angefanya zaidi. Shabiki anayemtetea leo kana kwamba hakuna zaidi la kufanywa anamtetea kwa kiwango ambacho mzee mwenyewe hakukidai. Kocha yule aliendelea kukutana na Sandusky katika mji mdogo kwa miaka mingine kumi, na kwa mtu mwenye hadhi yake, swali moja tu kwa mkurugenzi wa michezo, «Lile jambo limefikia wapi?», lingeweza kugeuza mambo mengi. Ninyi walimu mnajua kwamba mkimpeleka mtoto kwa mkuu wa shule na mkaona hakuna kilichofanyika, wajibu wenu haujaisha.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliiadhibu timu nzima. Wachezaji waliokuwapo mwaka 2012 walikuwa watoto wadogo mambo hayo yalipotendeka, na mashabiki hawakumdhuru mtu. Je, ilikuwa haki? – S.M.

Ndugu S.M., adhabu ile ilitangazwa tarehe 23 Julai 2012, siku 11 baada ya taarifa ya Freeh. Chuo kilitozwa dola milioni 60, timu ikazuiwa kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka minne, idadi ya wachezaji wa kupewa ufadhili wa masomo ikapunguzwa, na ushindi 112 wa kuanzia 1998 hadi 2011 ukafutwa katika kumbukumbu, 111 kati yake ukiwa wa Paterno. Wachezaji waliruhusiwa kuhamia vyuo vingine bila kupoteza msimu. Baadhi wakaondoka, wengi wakabaki, na timu chini ya kocha mpya Bill O'Brien ikamaliza mwaka ule ikiwa imeshinda mechi 8 na kupoteza 4. Mimi vijana wale nawahesabu miongoni mwa watu wachache katika kisa hiki waliojibeba vizuri tangu mwanzo hadi mwisho.

Maoni yangu juu ya adhabu yenyewe yamegawanyika. Fedha zilikuwa jambo la busara, kwa sababu zilielekezwa kwenye kazi ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto na kuwatibu walioumizwa. Kupunguza nafasi za ufadhili kuliwaangukia vijana wasiohusika. Kufuta ushindi kulikuwa, kwa maoni yangu, kosa baya kuliko yote. Mechi zilichezwa, watu waliziona, na hakuna mtoto aliyepata nafuu kwa sababu jedwali la matokeo la mwaka 2005 limeandikwa upya. Baya zaidi ni kwamba hatua hiyo iliwapa mashabiki dhuluma yao wenyewe ya kuililia. Hadi hapo mazungumzo yalikuwa juu ya wavulana wasiopungua kumi ambao baraza la mahakama mjini Bellefonte lilikuwa limethibitisha mwezi Juni mateso yao, kwa kumtia Sandusky hatiani katika mashtaka 45 kati ya 48. Oktoba alihukumiwa kifungo cha miaka isiyopungua 30 na isiyozidi 60. Baada ya adhabu ya NCAA mazungumzo yakahamia kwenye namba 409, ile hesabu ya ushindi wa Paterno. Namba hiyo ikachapishwa kwenye fulana na vibandiko vya magari, ikawa alama ya upinzani, na watu waliokuwa na huruma ya kweli kwa watoto wakajikuta wanatumia nguvu zao zote kudai hesabu ya mechi.

Nguvu hizo hazikuwa ndogo. Katika Penn State wahitimu huchagua sehemu ya wajumbe wa bodi ya wadhamini, na kuanzia uchaguzi wa 2012 walijitokeza kwa wingi usio wa kawaida, wakawaingiza katika bodi wagombea walioahidi kutetea jina la kocha wao. Baadaye hata mwanawe, Jay Paterno, alichaguliwa. Wanasiasa wa jimbo waliipeleka NCAA mahakamani. Kizuizi cha mechi za baada ya msimu kiliondolewa mapema, Septemba 2014, na Januari 2015, katika kuimaliza kesi hiyo, ushindi wote ukarudishwa huku dola milioni 60 zikibakizwa ndani ya Pennsylvania. Kwa hiyo wanaosema kwamba shabiki ni mtazamaji tu asiye na uwezo wa kubadilisha chochote wasome historia hiyo. Walikuwa na uwezo wa kura, wa mahakama na wa mfuko, na waliutumia kwa nidhamu kwa miaka mitatu. Lawama yangu kwao haihusu kupigania kocha waliyeamini kwamba ameonewa, kwani hiyo ni haki yao. Lawama yangu ni kwamba bidii ya namna hiyo haikuonekana kwa kiwango kinachofanana pale ilipohitajika kuuliza kwa nini habari za 1998 na 2001 hazikufika kwa bodi yenyewe, au nani anaingia leo katika vyumba vya kubadilishia nguo vya chuo na kwa ruhusa ya nani.

Kuna adhabu nyingine iliyozungumzwa kidogo sana, nayo naiona ya maana zaidi. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza chuo hicho karibu dola milioni 2.4 kwa kutofuata sheria iitwayo Clery Act, inayovitaka vyuo kutangaza takwimu za uhalifu unaotendeka katika maeneo yao. Kiasi ni kidogo ukikilinganisha na milioni 60, lakini adhabu ile ililenga kazi halisi iliyokuwa haijafanywa: kuhesabu, kuandika na kutangaza. Hakuna aliyechapisha fulana kuipinga.

Mume wangu alisoma katika chuo kimoja cha Marekani ambako daktari wa timu aliwadhulumu wanafunzi kwa miaka mingi. Yeye huvaa jezi ya timu hiyo kila wiki ya mechi, na walalamikaji wanapotajwa husema kwamba wametafuta fedha tu, kwani wangesema zamani. Mimi nilidhulumiwa nikiwa msichana, jambo ambalo analijua, na maneno hayo yananichoma. Je, nina haki ya kumwomba aache kushabikia? – Mama wa watoto wawili

Dada yangu, pole sana. Nitaanza na maneno yake, halafu nije kwenye jezi, kwa sababu nadhani kinachokuumiza zaidi ni maneno.

Hoja kwamba walalamikaji wangesema zamani haisimami mtu akijua mambo yalivyokuwa. Chukua Chuo Kikuu cha Michigan, ambako daktari Robert Anderson alifanya kazi tangu miaka ya 1960 hadi 2003, akafariki mwaka 2008 bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 2022 chuo kilikubali kulipa dola milioni 490 kwa walalamikaji wapatao 1,050. Wengi wao walikuwa wanaume, na miongoni mwao walikuwamo wachezaji wa timu ileile ya futiboli ambayo mashabiki wanaitetea. Katika Chuo Kikuu cha Ohio State, uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba daktari Richard Strauss aliwadhulumu wanafunzi wa kiume wasiopungua 177 kati ya 1979 na 1996, na kwamba baadhi ya watumishi walikuwa wamepata malalamiko mapema kabisa. Yaani wako waliosema zamani, hawakusikilizwa. Na wale walionyamaza walikuwa vijana wa miaka 18 au 19 ambao masomo yao yalilipiwa na michezo, na daktari huyo ndiye aliyekuwa na kauli juu ya nani yuko fiti kucheza. Mwanamume aliyelelewa kuamini kwamba mchezaji hodari halii, akiwa mbele ya mtu mwenye kalamu inayoweza kufuta masomo yake, hunyamaza, tena kwa miaka arobaini.

Kwa hiyo mumeo anaposema kwamba watu hao wanaishambulia timu yake, mwulize kwa upole timu ni nani. Jon Vaughn aliichezea Michigan akiwa mkimbiaji hodari hadi msimu wa 1990, na mwaka 2021 alipiga hema mbele ya nyumba ya rais wa chuo, akakaa hapo kwa miezi kadhaa, msimu wa baridi ukiwamo, akidai asikilizwe. Ikiwa jezi inamaanisha chochote, inamaanisha watu waliokuwa wakiivaa uwanjani. Shabiki anayewapigia makofi Jumamosi wakiwa vijana, kisha akawaita waongo wakiwa watu wazima wenye maumivu, aseme basi kwamba anachokipenda ni rangi tu.

Kuhusu kushabikia: sidhani kwamba kuacha ni wajibu wa kila mtu, na nisingependa uingie katika ugomvi wa jezi ukatoka bila kusikilizwa juu ya jambo kubwa zaidi. Mtu anaweza kuipenda timu na wakati huohuo kuutaka uongozi wake uwajibike. Wapo wahitimu wanaofanya hivyo, wanaozuia michango yao hadi uchunguzi utangazwe hadharani, wanaoandika kwa bodi, wanaokataa kuimba jina la mtu ambaye hajajibu maswali. Lakini una haki kamili ya kumwambia mumeo kwamba ndani ya nyumba yenu hakuna manusura atakayeitwa mwongo kwa sababu tu amechelewa kusema. Huhitaji kumwomba hilo kama hisani. Kila anaposema vile mbele ya watoto wenu, anawafundisha nini cha kutarajia siku wao watakapokuwa na jambo zito la kumweleza, na hilo nadhani atalielewa hata kama la jezi halielewi. Na ikiwa maneno hayo yanakurudisha kwenye yale yaliyokupata, tafadhali zungumza pia na mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo. Safu ya gazeti haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa nini shabiki asisubiri mahakama? Leo mtu akituhumiwa tu, jina lake limekwisha. – B.

Ndugu B., kungoja ni jambo jema iwapo kweli unangoja. Shabiki anayesema «tusubiri mahakama» huku akimtukana mlalamikaji ameshatoa hukumu, ila ameitoa upande mmoja. Katika kisa cha Penn State, kijana ambaye malalamiko yake ndiyo yaliyofungua uchunguzi alilazimika kuhama shule kwa sababu ya uhasama, kabla ya hukumu yoyote. Ni nani aliyesubiri mahakama kwa ajili yake?

Tena si kila uamuzi ni wa mahakama. Kumfunga mtu jela kunahitaji ushahidi usioacha shaka, na ni sawa iwe hivyo. Kumwondoa mtu katika kazi ya kuongoza vijana kunahitaji kiwango kingine, kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kuzaliwa nayo ya kuwa kocha. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, kilimwondoa kocha Art Briles baada ya kampuni ya mawakili kueleza kwamba chuo, pamoja na watu wa timu, kilishindwa kushughulikia ipasavyo malalamiko ya ukatili wa kingono. Rais wa chuo, Ken Starr, naye akapoteza nafasi yake. Briles hakushtakiwa kwa kosa la jinai, na Novemba ya mwaka ule baadhi ya mashabiki walikuja uwanjani na fulana zenye herufi za jina lake. Walikuwa na uhuru wa kuzivaa. Wanawake waliolalamika walikuwa wanafunzi wa chuo hichohicho, na inafaa kufikiria walivyoziona fulana zile wakipita njiani kwenda madarasani.

Sanamu ya Paterno iliondolewa. Je, irudishwe? – Mhitimu

Ndugu Mhitimu, sanamu ile ya shaba ilizinduliwa nje ya uwanja Novemba 2001, miezi michache tu baada ya McQueary kumweleza kocha alichokiona, ikaondolewa alfajiri ya tarehe 22 Julai 2012, miezi sita kamili baada ya Paterno kufariki. Rais mpya wa chuo, Rodney Erickson, alisema wakati huo kwamba imekuwa chanzo cha mgawanyiko na kikwazo kwa wanaojaribu kupona, lakini maktaba ingebaki na jina lake kwa kuwa linaheshimu mchango wa familia hiyo kwa elimu. Naona alipima vizuri. Maktaba inataja kitu ambacho Paterno alikifanya na ambacho hakuna anayekibishia. Sanamu ilimwonyesha kidole juu, wachezaji nyuma yake, mahali ambapo umati mzima ungepita chini ya macho yake, na ujumbe wake ulikuwa kwamba hapa yupo mtu asiyehitaji kuulizwa. Ni ujumbe huo ambao wahudumu wa usafi walikuwa wameusikia mwaka mmoja kabla haijasimamishwa. Isirudishwe, na maktaba ibaki na jina lake.